Puto, spika, na binti niliyemtoa darasani

Najua nimepotea. Wiki kadhaa sijaweka kitu hapa, na juzi jamaa mmoja kanikuta kantini akaniuliza kama nimeshadisko. Hapana jamani, bado nipo. Tulikuwa TP, tumerudi tumekutana na lundo la kazi, halafu bumu nalo limechelewa... mambo yenyewe mnayajua. Leo nina la kusema, na wala si la bumu.

Jana usiku majirani zangu wa hosteli walifungulia singeli. Saa sita usiku! Nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani, besi inapita kwenye ukuta, inaingia kwenye kitanda, inanigonga kifuani. Nikaziba masikio kwa vidole. Maneno yakapotea, kinanda kikapotea, ila mapigo yakabaki palepale. Na singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, si kitu cha kusema labda umekosea. Siku zote huwa naenda kuwagongea mlango. Jana nilibaki nimelala tu, namfikiria binti mmoja wa kidato cha nne.

Shule niliyopangiwa TP iko mkoani Dodoma, jina lake naliacha. Walimu wa fizikia walikuwa wawili kwa shule nzima na mmoja wao alikuwa masomoni, kwa hiyo nilipofika tu nikakabidhiwa kidato cha nne, mada ya mawimbi. Darasa kubwa, madawati hayatoshi, chaki za kuhesabu. Kama kawaida ya shule zetu.

Binti ninayemsema anakaa dawati la mbele, na hasikii. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tatu, yeye akapona, masikio hayakupona. Anasoma midomo, anaandika vizuri kuliko wenzake wengi, na jirani yake wa dawati ndiye mkalimani asiye rasmi. Lugha ya alama anaijua kidogo tu, kwa sababu hajawahi kusoma na viziwi wenzake. Na mi nilikuwa nafundisha nikiwa nimeupa mgongo darasa, naandika ubaoni huku naongea. Sasa mtu atasoma midomo ya kisogo?

Tulipokaribia kipengele cha sauti, mwalimu mmoja mtu mzima pale ofisini akaniita pembeni. Akaniambia kwa upole kabisa: "Mwalimu, huyo mtoto kipindi cha sauti mruhusu aende maktaba akajisomee. Utamtesa bure." Nikamjibu, sawa mwalimu, nimekuelewa.

Sikubishana. Na niseme ukweli wangu hapa, maana hii ni shajara yangu na nikidanganya humu nitasema kweli wapi: nilifurahi. Andalio langu la somo lilikuwa limejaa "sikilizeni", "mmesikia nini", "nani anajua sauti hii". Bila yeye darasani kazi ilikuwa inakuwa nyepesi. Vipindi viwili akawa maktaba. Alipokuwa anatoka mlangoni alinitazama, nami nikageukia ubao.

Ijumaa ya wiki hiyo kulikuwa na mazoezi ya mahafali. Shule ilikodi spika, yale maboksi makubwa ya mbao. Madenti wamejipanga wanacheza, yeye kakaa juu ya boksi la spika, kiganja kwenye mbao, wachezaji kawapa mgongo, anaangalia zake upande wa barabara. Mguu wake unapiga chini. Nilidhani anajipigia tu. Basi bwana, jamaa wa muziki akabadilisha wimbo, akaweka wa taratibu, na mguu wa yule binti ukabadilika hapohapo. Akarudisha wa haraka, mguu ukarudi. Hakuna aliyemwonyesha ishara. Hakuna hata aliyekuwa anamtazama zaidi yangu.

Mi nasoma ualimu wa fizikia. Sentensi ya kwamba sauti ni mtetemo nimeiandika kwenye mitihani tangu sekondari, na nimepatia maksi zake. Siku ile ndo niliielewa.

Jumatatu nikanunua maputo kumi dukani, nikaazima ngoma ya kwaya, nikaja na spika yangu ndogo ya chumbani. Nikawagawa wanafunzi kwenye makundi. Nikawaambia wote wazibe masikio kwa pamba, na kila mmoja kwa zamu yake ashike puto kwa mikono miwili mbele ya spika. Puto limejaa hewa na ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo hewa inayosukumwa na spika inalitikisa na vidole vinapokea. Mwanzoni walikuwa wanacheka tu. Wengi hawakuhisi kitu, wanalibana puto kama wanataka lipasuke. Aliyewaelekeza ni yule binti. Alipita kundi kwa kundi, anawalegeza vidole, anawaonyesha walisogeze kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu nifike shule ile, darasa zima lilikuwa linamfuata yeye.

Kipindi kilipokuwa kinaisha akaja mezani kwangu na daftari. Ameandika: "Mwalimu, kwa nini wiki iliyopita ulinitoa?"

Sikuwa na jibu zuri. Niliandika chini yake: "Nilikosea. Nisamehe." Akasoma, akafunga daftari, akarudi kwenye puto.

Sasa sikieni bahati yangu. Msimamizi kutoka chuoni alichagua kipindi hichohicho kuja kunikagua. Alama aliyonipa ni ya chini kuliko zote nilizopata TP nzima. Maelezo yake: kelele, darasa halijatulia, mwalimu katoka nje ya andalio. La andalio alikuwa sahihi, kweli nilitoka. Lakini ule mtu anaouita kelele ndio ninaotaka kuutetea leo.

Maoni yangu ni haya. Tunapozungumzia teknolojia ya kuongezea milango ya fahamu, mawazo yetu yanakimbilia mashine za bei mbaya za Ulaya na Marekani. Kisha tunajifariji: sisi hatuna, kwa hiyo mtoto aende maktaba. Nasema tunaanzia mahali pasipo. Swali la kwanza ni nani ameruhusiwa kushika na kujaribu. Mashine inakuja baada ya hapo.

Mfano wa kwanza ni Evelyn Glennie, mpiga ngoma kutoka Scotland, aliyezaliwa mwaka 1965. Alianza kupoteza usikivu akiwa na miaka 8, na kufikia miaka 12 alikuwa kiziwi wa kiwango cha juu. Mwalimu wake wa muziki shuleni hakumpeleka maktaba. Alimwambia asimame mikono ikiwa ukutani wakati yeye anapiga ngoma kubwa za timpani, ajifunze noti ipi anaihisi wapi. Noti nzito akawa anazihisi miguuni, nyembamba usoni, shingoni na kifuani. Mpaka leo anajulikana kwa kupiga peku, bila viatu. Alipoomba kuingia Royal Academy of Music pale London walimkataa kwanza, akawahoji kama wanapima masikio au upigaji, ikabidi wamsikilize mara ya pili, wakamchukua. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London mwaka 2012 ndiye aliyeongoza wapiga ngoma 1,000. Teknolojia yake ya kwanza ilikuwa ukuta wa darasa. Nani kati yetu hana ukuta?

Mfano wa pili naupenda zaidi, maana unatuhusu walimu moja kwa moja. Mwaka 1969 mwanasayansi wa Marekani, Paul Bach-y-Rita, na wenzake walitoa makala kwenye jarida la Nature. Walichukua kiti cha zamani cha daktari wa meno, wakaweka kwenye egemeo lake vidude 400 vya kutetema, mistari 20 kwa 20, wakaviunganisha na kamera. Picha inayoonwa na kamera inageuka mitetemo mgongoni. Wakawakalisha watu wasioona. Baada ya mazoezi wakaanza kutambua vitu vilivyo mbele yao, hata simu ya mezani, hata sura ya mtu. Kwa mgongo!

Ila kuna kipengele ambacho kingetakiwa kubandikwa mlangoni mwa kila ofisi ya walimu. Kamera ilipokuwa inasogezwa na mtu mwingine, yule asiyeona alihisi mikwaruzo tu mgongoni. Alipoachiwa aizungushe kamera mwenyewe, asogee, arudi, ndipo vitu vilipoacha kuwa mgongoni vikawa mbele yake. Yaani mashine ni ileile, mgongo uleule, tofauti ni nani ameshika usukani. Nikasoma hapo nikakumbuka maabara zetu, mwalimu anafanya jaribio mbele, watoto wanatazama, halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi wamefanya majaribio. Wapi? Wamekwaruzwa mgongoni tu.

Wanamuziki nao walishaingia huko. Mwaka 1965 mtunzi wa Marekani, Alvin Lucier, alikaa mbele ya watu pale Chuo Kikuu cha Brandeis akiwa amebandikwa elektrodi kichwani, akafumba macho akatulia. Ubongo ukitulia hivyo hutoa mawimbi ya alfa, kama 8 hadi 13 kwa sekunde. Masikio yetu yanaanza kusikia kwenye 20 hivi, kwa hiyo mawimbi hayo ni mazito mno kusikika. Alichofanya ni kuyakuza kwa amplifaya na kuyapeleka kwenye spika zilizowekwa karibu na ngoma na matoazi. Spika zikatikisika, ngoma zikalia. Mtu kakaa kimya kabisa na ngoma zinapiga. Unaweza kusema ni mbwembwe. Mi nasema kitu kisichosikika kwa sikio kilitafutiwa njia nyingine ya kutoka.

Na msiniambie mambo hayo ni ya Wazungu. Hapa Dar vijana wa mchiriku tangu miaka ya 1990 walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo wengine wanaviona vya kuchezea watoto, wakavipitisha kwenye spika za mdomo wa tarumbeta, sauti ikatoka imekwaruza, na mkwaruzo huohuo ukawa ndo ladha yenyewe. Kinshasa, mzee Mingiedi Mawangu wa Konono N°1 alitaka likembe isikike juu ya kelele za mji, akatengeneza maiki zake kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Ikatoka sauti ya kukoroma ambayo hakuwa ameipanga, akaiacha. Albamu yao ya Congotronics ilitoka mwaka 2004 na dunia ikashangaa. Likembe ni ndugu wa ilimba ya Wagogo, chombo kilekile alichokizungusha duniani marehemu Hukwe Zawose. Nami nilikuwa nafundisha sauti Dodoma, nchi ya ilimba, kwa kuchora mawimbi ya chaki ubaoni na kumtoa nje mtoto ambaye angeishika ilimba akaisoma kwa vidole gumba. Aibu ilinipata baadaye.

Sasa najua mtanijibu nini, na baadhi ya hoja zenu ni za kweli.

Hoja ya kwanza, kugusa si kusikia. Sahihi. Sikio la kijana linafika mpaka karibu 20,000 Hz. Ngozi inahisi mitetemo vizuri zaidi kwenye 250 Hz hivi, na ukipita 1,000 Hz inakuwa kama haipo. Noti ya juu kabisa ya piano ni karibu 4,186 Hz, hapo puto halisemi kitu. Yule binti alituumbua wote kwenye ngoma, lakini filimbi ilimpita kabisa, na aliniandikia hivyo: "Hapa hakuna kitu." Ndipo nikatoa simu yangu. Kuna programu ya bure inaitwa phyphox, wametengeneza Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ilitoka mwaka 2016. Inatumia maiki ya simu kuchora wimbi la sauti. Nikapiga filimbi, wimbi likabanana kwenye kioo. Nikapiga ngoma, likatanuka. Akaichukua simu mkononi mwangu, hakuniomba, akaanza kuielekezea kila kitu: kengele ya shule, jirani yake akiongea, na mwisho mdomo wake mwenyewe. Alipoona sauti yake imechorwa alikaa kimya muda mrefu. Alichokuwa anawaza sikukiuliza.

Hoja ya pili, simu shuleni marufuku. Kwa wanafunzi, sawa. Simu ya mwalimu ipo mfukoni, na muda mwingi tunaitumia kuangalia matokeo ya mpira. Simu moja kwa kundi, kwa zamu, inatosha kwa kipindi kimoja.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, na alinipa mshikaji wangu anayesoma elimu maalumu. Aliniambia: angalia usije ukawa mtu wa kuwatengeneza viziwi wafanane na wewe. Viziwi wana lugha yao, wana chama chao, wengi hawaoni kama kuna kilichoharibika. Nimeipokea hii. Muhimbili walianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio, na kwa familia zilizofanikiwa ni jambo kubwa, siwabezi. Ila kifaa hakiondoi haki ya mtoto kufundishwa kwa lugha anayoielewa, na puto langu halikuwa dawa ya uziwi. Lilikuwa dawa ya ujinga wangu mimi niliyedhani somo la sauti ni mali ya masikio. Waliofaidika zaidi siku ile ni wale wanaosikia, maana ndio waliokuwa hawajawahi kuhisi sauti.

Kwa hiyo napendekeza nini? Nisiishie kulalamika kama kwenye vijiwe.

Moja. Kila anayesomea ualimu, awe wa fizikia au wa historia, asome Lugha ya Alama ya Tanzania angalau muhula mmoja. Siyo wa elimu maalumu peke yao. Mi nimefika kwenye darasa lenye kiziwi nikiwa sijui hata alama ya "samahani", neno nililolihitaji kuliko yote.

Mbili. Fomu ya kutukagua TP iongezwe swali: je, kila mwanafunzi alishika kifaa? Sasa hivi inauliza kama darasa limetulia. Darasa la maiti pia limetulia.

Tatu. Kabla ya kumtoa mwanafunzi kwenye somo kwa ajili ya kumhurumia, aulizwe yeye. Haigharimu hata shilingi. Mzee wa watu aliyenishauri hakuwa na roho mbaya, alimhurumia kweli. Mimi ndiye niliyekuwa na nafasi ya kumuuliza binti na sikuuliza, kwa sababu jibu lake lingeniongezea kazi.

Nne. Wenzangu wa sayansi tuache kuogopa kelele. Somo la sauti lisilo na kelele ni somo la kitu gani?

Vile vipindi viwili nilivyomnyima nilimlipa Jumamosi, kabla sijaondoka. Tulikaa barazani kwenye maabara, yeye, jirani yake wa dawati, na mimi. Sikugeukia ubao hata mara moja, maana nilikuwa nachora chini kwa kijiti. Mtihani wao wa taifa ni Novemba. Akifaulu haitakuwa kwa ajili yangu, na akifeli swali la sauti nitajua sehemu ya deni hilo ni langu.

Naandika hii usiku, na wale jamaa wamefungulia tena. Nimeweka kiganja ukutani kama alivyotufundisha, vidole vimelegea. Kumbe ngoma ni mbili, siyo moja, na hii ya pili sikuwahi kuisikia kwa masikio. Kesho nitawaomba wapunguze, nina mtihani. Leo waache wapige.

Naomba kuwasilisha. Mliotoka TP, nyie mlimtoa nani?